Wimbo Uliomsimamisha Babu Yako

Dunda, Bagamoyo. Ijumaa, tarehe 6 Januari 1956. Asubuhi mawingu mepesi, kaskazi inavuma tangu alfajiri, mvua hakuna. Joto lilianza saa tatu.

Twaha mwanangu,

Hivyo ndivyo nilivyoandika leo katika shajara yangu, nikadhani siku itaishia hapo: hali ya hewa, sanduku lako limefungwa, kuku amechinjwa. Mambo ya nguo, ya chakula na ya kujihadhari na watu nimekwambia tangu jana hadi ukanicheka. Sitayarudia. Barua hii ni ya jambo ambalo sikuwahi kukwambia, na nisingekwambia kamwe kama usingeimba leo baada ya alasiri.

Ulikuwa uwani na gitaa lako. Ukamwambia baba yako kwamba huo ndio wimbo utakaouanzia Dar es Salaam Jumamosi ijayo, kwamba wenzako wa kikundi cha dansi wameupenda wote, na kwamba watu watauitikia hata siku ya kwanza kuusikia. Kisha ukaupiga. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Katika beti mbili za mwanzo sikusikia kitu ila sauti ya mwanangu. Katika ubeti wa tatu nikatambua ni mahadhi gani uliyoyachukua. Ni yale ya kiamu, yale ambayo watu wakiyafikia katika maulidi huinuka wote wakasimama kumpokea Mtume. Umeyapunguza mwendo, umemweka msichana wa Kariakoo pale palipokuwa na Mtume, na kila mwisho wa ubeti unamkaribisha kwa neno lile lile.

Baba yako alikuwa anafua nazi. Aliacha kazi, akauficha mkono wake wa kushoto kwapani, kama anavyofanya siku za baridi. Akasema, "Wimbo mzuri, baba." Akaingia ndani. Wewe ukafurahi. Mimi nikauacha mchele.

Unajua kwamba mkono ule uliliwa na mashine ya mkonge. Hivyo ndivyo tulivyokwambia, na hivyo ndivyo baba yako alivyowaambia askari. Si kweli. Mkono ule ulitwangwa. Aliyeutwanga ni mjomba wako Kibwana, ambaye kesho utalala nyumbani kwake. Na aliyestahili kutwangwa ni mimi.

Nianzie kwangu. Babu yako mzaa mama, Maalim Zuberi, alipofuka kwa ndui akiwa kijana. Maulidi aliyajua yote kwa moyo, na alipokuwa hai watu wa Dunda hawakutaka kusomewa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa macho yake. Alinisomesha mwenyewe, kisha akanipeleka Unguja kwa shangazi yangu, nikasoma kuliko msichana yeyote wa mtaa wetu. Nilirudi na vitu viwili: tabia ya kuandika kila siku tarehe na hali ya hewa, na kujiona.

Nikaolewa na baba yako. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani, siku za harusi alikuwa mpiga fidla. Msikitini alionekana Ijumaa na Idi, basi. Lakini katika nyimbo zake Mungu hakukosekana. Angeimba habari za mwanamke aliyemkimbia, halafu katikati akamlalamikia Mungu kama mtu anavyomlalamikia jirani yake wa siku nyingi. Watu walilia. Babu yako alipata kusema kwamba mkwewe huomba dua nzuri zaidi akiwa na fidla kuliko akiwa juu ya mswala. Alisema kwa mzaha, lakini alisema. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayechukia jina la Mungu kutajwa kwenye dansi. Nimeolewa na jina hilo na dansi hiyo, na nimelala kati yao.

Mji ulikuwa na vikundi viwili vya harusi, chetu na cha upande wa sokoni. Vilishindana kwa mafumbo, na mafumbo yenyewe yalikuwa na meno. Mimi nilikuwa na miaka miwili ndani ya ndoa bila mimba. Kikundi cha sokoni kikatunga kwamba Shomari ameoa daftari, limejaa maandishi wala halizai. Wasichana waliuimba kisimani nikipita. Walifanya hivyo wiki tatu. Nina tarehe zake zote.

Sikutaka kuwajibu. Nilitaka kutunga kitu ambacho kikianza, hapana mtu mjini atakayeweza kukaa kitako. Nikakitafuta mahali nilipopajua, kifuani mwa baba yangu. Nikachukua mahadhi ya kiamu na neno la kumkaribisha Mtume, nikamkaribisha bibi harusi. Nilitunga beti tisa kwa siku mbili. Sikuwahi kufurahi vile kabla yake, na sina hakika kama nimefurahi vile tena. Nakwambia hili kwa sababu niliuona uso wako leo, nami naujua uso ule kwa ndani.

Baba yako aliusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Huu tuuache, Mwanaidi. Huu una wenyewe." Nikamwuliza kama anamwogopa shemeji yake Kibwana. Nikamwambia kwamba wale wa sokoni wangekuwa na mke kama mimi wasingesita hata kidogo, na kwamba mwanamume anayeacha mkewe aitwe daftari kisimani hana haja ya fidla, anunue kuku afuge. Maneno hayo niliyasema mimi. Akaukubali wimbo.

Shajara inasema hivi: Jumamosi, tarehe 19 Juni 1937. Asubuhi baridi kidogo, kusi inavuma, anga safi. Harusi.

Babu yako ndiye aliyefungisha ndoa. Baada ya chakula walimketisha barazani mwa nyumba ya bibi harusi pamoja na wazee wengine wanne, wakaletewa kahawa. Alasiri ilikuwa imekwisha kusaliwa, na jua lilikuwa bado kali. Vikundi vyote viwili vilikuwa uwanjani, kila kimoja upande wake. Wa sokoni walianza, wakaimba daftari. Watu wakacheka wakinitazama. Kisha baba yako akasimama na fidla.

Alianza taratibu, bila ngoma, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Fidla peke yake, mahadhi ya kiamu matupu. Na babu yako akainuka.

Hakufikiri, mwanangu. Mtu aliyeinuka kwa sauti ile tangu utotoni hafikiri. Aliweka fimbo chini, akafunga mikono, akainamisha kichwa, akaanza kumsalia Mtume kwa sauti. Wale wazee wanne waliinuka naye, halafu wakaona walipo, wakaketi mmoja mmoja wakitazama chini. Yeye hakuwa na macho ya kuona. Hapana aliyemvuta kanzu. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenziwe. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nami nilingoja.

Mwanamke mmoja wa upande wa sokoni akasema kwa sauti, "Haya Maalim, kata kiuno basi." Wakacheka. Wetu pia wakacheka.

Desturi unaijua. Watu wakisimama kwenye kiamu mrashi hupitishwa, kila mtu akakinga viganja, akanyunyiziwa marashi, akajipaka usoni. Babu yako alipofika mahali pake katika dua akakinga viganja. Akangoja. Feruzi, mmoja wa wapiga chapuo wetu, zile ngoma ndogo, alikuwa amelewa tangu adhuhuri. Alipanda barazani na kibuyu chake cha tembo la mnazi, akammiminia. Babu yako akajipaka. Uso, ndevu, kifua cha kanzu. Akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akanusa.

Alibaki na viganja mbele ya pua. Na wakati huo huo ngoma zikaingia, mahali pale pale nilipopanga ziingie, waimbaji wakataja jina la bibi harusi.

Kibwana, kaka yangu, alikuwa ndani na watu wa bwana harusi. Alitoka aliposikia kicheko, akamkuta baba yake anafuta ndevu kwa kilemba. Akainama, akanusa. Feruzi alikuwa bado anacheka. Kibwana alimpiga kigoda cha mdomo, nikasikia meno kabla sijaona damu. Feruzi akaanguka ngazini. Kibwana akamfuata chini, akampiga kisogoni, akampiga sikioni, hata sikio likaning'inia kama kiraka kilichofumuka. Wanafunzi wa babu yako, vijana sita au saba, wakaingia na fimbo wakipiga kila aliyeshika ngoma. Wa sokoni wakadhani wamevamiwa wao, wakatoa visu vya kupasulia samaki. Bibi harusi alipitishwa dirishani akiwa amebebwa kama mkeka. Sufuria ya pilau ilipinduka juu ya miguu ya mpishi, na ngozi ilitoka pamoja na wali. Mtu mmoja alikaa mchangani ameshika tumbo, akawa anauliza nani amemmwagia maji. Hayakuwa maji. Alipona, lakini hakunyooka tena mpaka alipohama mji.

Kisha Kibwana akauliza, "Nani aliyeutunga?"

Hakupaza sauti. Tuliojua tulikuwa wawili. Baba yako alinitazama mara moja tu.

Akasema, "Mimi."

Kibwana akaitwaa fidla, akaivunja kichwani mwa baba yako. Akamwuliza ni mkono gani unaoshika nyuzi. Na baba yako akamwonyesha. Mpaka leo sijui kwa nini alimwonyesha. Vijana wawili wakamlaza chini, wakauweka mkono wake wa kushoto juu ya jiwe la mpishi la kusagia viungo, na Kibwana akaokota mchi. Katika shajara nimeandika: mara saba. Mara ya tatu vidole havikuwa vidole tena. Mara ya tano mchi uliteleza kwa damu, akaufuta kwa kanzu yake, akaendelea. Baba yako alipiga kelele hadi ya nne, halafu akawa anatoa pumzi tu, kama mchukuzi aliyetwishwa gunia. Mimi nilikuwa nimesimama katika kundi la wanawake, nimeuma buibui. Nilihesabu. Mtu mwenye uwezo wa kuhesabu ana uwezo wa kusema neno moja. Sikulisema.

Hospitali walimkata vidole viwili, wakaviunga vilivyobaki kama walivyoweza. Askari walipouliza, mji mzima haukuwa umeona kitu. Baba yako akasema ni mashine ya mkonge, na hapana aliyembishia. Feruzi akaenda zake Saadani, hakurudi. Cherehani tuliiuza, kwa sababu fundi wa mkono mmoja hana kazi, ndipo baba yako akaanza nazi. Niliwahi kumwuliza mara moja, nikimlisha uji, kwa nini alisema yeye. Akanijibu, "Angekuua." Hatukuyarudia. Wewe uliingia tumboni mwangu katika miezi ile ile, na watu wa sokoni wakaacha kuimba daftari. Nilipata nilichokitaka chote.

Babu yako hakusoma maulidi tena. Alisema kila akiifikia kiamu ananusa tembo. Wengine wakasoma, yeye akakaa nyumbani miaka mitano. Siku moja nilikuwa namkata kucha za miguu. Akasema, "Maneno ya wimbo ule yalikuwa na mizani nzuri. Aliyeyatunga nilimfundisha mimi." Akautoa mguu wake mkononi mwangu, akaukanyagisha sakafuni. Alikufa mwaka ule. Hakusema zaidi, nami sikumjibu. Ungeniuliza ni kosa lipi kubwa, la uwanjani au la siku ile ya kucha, ningekwambia la kucha. Uwanjani niliogopa mchi. Siku ile mbele yangu alikuwapo mzee kipofu mwenye miguu miwili membamba, na mlango ulikuwa wazi, naye ameshaniambia kwamba anajua.

Sasa mjomba wako. Wewe unamjua kama mtu mpole anayekuletea viatu kila Idi. Ni mpole kweli, wala sikwambii haya ili umchukie. Kila Alhamisi maulidi husomwa nyumbani kwake, na yeye ndiye wa kwanza kusimama. Anaamini hata leo kwamba alimpiga aliyestahili. Ndiyo sababu anaweza kula na baba yako sinia moja, na kukufungulia nyumba yake. Kwake jambo lile lilikwisha. Lakini chumba chako kitakuwa ukuta kwa ukuta na baraza yake. Siku atakayokusikia wewe, mtoto wa Shomari, ukiimba mahadhi yale yale juu ya msichana wa Kariakoo, ataona kwamba halikwisha, ila limezaa. Sijui atafanya nini. Umri umempunguza nguvu, lakini nilimwona akiufuta mchi.

Wala usidhani nakutisha ili uache muziki. Ningetaka uache ningekwambia uache. Nimesikiliza santuri nyingi na redio ya dukani, na nyingi zinamtaja Mungu: mtu anaapa kwake, anamwomba amrudishie mpenzi, anamshitakia umaskini. Nyingine zimenifanya nitake kusali kuliko hotuba ya Ijumaa. Yule mwimbaji anazungumza na Mungu kwa kinywa chake mwenyewe, na anayesikiliza anaweza kusema amina au akaondoka. Nilichofanya mimi ni kingine. Nilichukua sauti ambayo imekwishaingia katika magoti ya watu kabla hawajaulizwa, nikaipiga ili nione magoti yao yakitii. Mbele ya wenye macho ni mchezo, wanatambua, wanacheka, wanaketi. Lakini wakati wote kuna mmoja asiyeona, ambaye atasimama kwa moyo wake wote na kukinga viganja. Utakapoimba hutajua yuko upande gani wa ukumbi. Mimi nilijua, naye alikuwa baba yangu.

Saa nane ya usiku nilimwamsha baba yako. Nikamwambia nimekuandikia yote, na kwamba nataka nimwambie na Kibwana, kwa mdomo wangu, kabla hujapanda jukwaani. Nilidhani atafurahi. Nilidhani nilikuwa nampa kitu.

Aliketi kitandani. Kisha akasema, "Mkono ulikwenda, Mwanaidi. Kilichobaki ni kwamba nilisema mimi. Na hicho nacho unataka kukichukua?"

Miaka kumi na minane nilidhani kwamba nimejificha nyuma yake, kumbe pale nilipojificha yeye alikuwa amejenga. Kila anayemwona na mkono ule anamhurumia, naye peke yake anajua kwamba aliutoa. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya kwa mara ya pili. Nisiposema, nakupeleka wewe katika nyumba ya mtu ambaye hasira yake ilimwangukia asiyestahili, na wimbo wangu kinywani mwako. Nimepima, mwanangu, na nimechagua wewe. Nimemwambia hivyo. Akageukia ukutani.

Kwa hiyo nakuomba moja tu. Usiuimbe kabla ya Alhamisi. Si kwa mazoezi, si chumbani, si kwa mluzi. Mwambie mjomba wako kwamba mama yako anakuja siku hiyo kabla ya maulidi, na ana neno naye. Usimwambie la nini. Nikishalisema, litakalotokea litakuwa juu yangu, na wimbo utakuwa wako. Uupige, uubadilishe, uuzike, sitakuuliza. Ukiniona nimepigwa usiinue mkono. Ukifukuzwa, chukua sanduku lako utoke kwa adabu.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeweka kalamu chini, niliposikia baba yako anaongea gizani. Nilidhani anaota. Aliniuliza gari la Alhamisi linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa moja. Akasema, "Kata tiketi mbili. Utakaposema, nataka niwe nimekaa karibu."

Mama yako,
Mwanaidi

Naongeza hili Jumamosi asubuhi, wewe ukiwa bafuni. Kaskazi imepungua, anga safi. Baba yako nimemwacha amelala. Mimi nililala saa kumi kasoro dakika tano.